Shati la Karani

Tarehe 4 Mei

Kwa Sista wa kliniki ya tezi dume,

Mimi ni yule fundi cherehani, mgonjwa wenu wa kila miezi mitatu. Uliniambia nikiwa na swali nisingoje tarehe. Nilikuja juzi nikakuta foleni imefika getini, nikageuza. Kwa hiyo naandika, na barua hii nampa mlinzi akufikishie.

Nina mambo mawili. La kwanza, nataka kujua nikiacha sindano itakuwaje. Nimeshachomwa mbili, ya Januari na ya Aprili, na ya tatu mmeniandikia tarehe 20 Julai. Saratani yenyewe siihisi, haijawahi kuniuma hata siku moja. Kinachonitesa ni dawa. Joto linapanda kutoka kifuani mpaka utosini mara nane, mara tisa kwa siku, na juzi nikimpima mteja jasho langu lilidondokea kitambaa chake. Kifua kimevimba, hata shati likigusa naumia. Kiuno kimeongezeka inchi tatu, na hilo sikukisia, kupima ndiyo kazi yangu. Mambo ya chumbani hayakupungua, yamekwisha.

Na kubwa kuliko yote, Sista, sihisi kitu. Mjukuu wangu wa kwanza amezaliwa. Nimeletewa picha, nimeitazama kama picha ya kitambulisho cha mtu nisiyemjua, nikaiweka chini ya mkasi nikaendelea na kazi.

La pili, msitume karatasi yoyote nyumbani. Mke wangu yuko mbali, anamuuguza binti yetu aliyejifungua kwa upasuaji. Barua zangu nisipokuwepo hupokelewa na jirani, na jirani huyo akijua jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo. Mke wangu anajua nina shida ya mkojo na nameza vidonge. Naomba ibaki hivyo.

Wako,
Fundi


Tarehe 9 Mei

Fundi,

Barua nimeipata. Mlinzi alisema umeandika kurasa mbili, akauliza kama ni posa. Nimemwambia ashughulike na geti lake.

Nakujibu bila kuzunguka. Homoni za kiume ndizo zinazoilisha saratani yako, na sindano inazizima. Ukiacha, zitarudi, na saratani itapata chakula chake. Kipimo chako cha damu cha Januari kilitutisha. Cha Aprili kimeshuka karibu na chini kabisa. Dawa inayokutesa ndiyo iliyokishusha. Uamuzi ni wako, hakuna atakayekuburuta, ila usiamue peke yako dukani kwako. Njoo uonane na daktari. Joto lina dawa ya kulipunguza, na kifua kina la kufanywa ukiwahi.

Kwa sasa vaa pamba nyepesi, mashati mapana. Weka maji baridi karibu, punguza chai ya moto na pilipili. Tembea nusu saa kila siku na unyanyue vitu vyenye uzito kiasi, kwa ajili ya misuli na mifupa, hata kama mwili unakuambia ulale.

Hilo la kutohisi tunaliona kwa wagonjwa, ila wengi hawalisemi. Wewe umelisema. Mwambie na daktari, nalo ni ugonjwa wa kutibiwa kama joto. Huna roho mbaya.

Karatasi hatutatuma. Lakini nakuomba umwambie mkeo. Ninaowaona mimi wakifika mwisho wa matibabu haya, wengi wana mtu mmoja nyumbani anayejua.

Sista wa kliniki


Tarehe 15 Mei

Mama Vifungo,

Mzigo wa wiki hii ni mashati tisa. Barua iko kwenye mfuko wa shati la juu kama kawaida, usije ukaipiga pasi. Sita ni sare za walinzi, matundu saba ya vifungo kila moja, alama nimeweka kwa chaki. Watu wananiambia nikanunue mashine ya matundu, nawajibu nina mke. Wanafikiri natania.

Matatu mengine ni ya mteja mpya. Ni karani wa ofisi, mtu mzima, rika langu. Ametaka pamba nyepesi. Kifua chake kimejaa kidogo, kwa hiyo nimeweka mkunjo ubavuni kama tunavyoweka kwenye blauzi, ila nimeuficha. Ukiuona usishangae. Ni mgonjwa.

Mimi mzima. Mkojo unaendelea vizuri. Kidonda cha binti kikoje? Nimepata picha ya mtoto. Mzuri.

Andika, maana simu kwako ni kelele tu, nami nimechoka kupiga mayowe hadi wateja wakadhani tunagombana.

Mumeo,
Fundi


Tarehe 23 Mei

Fundi wangu,

Mashati yamefika, matundu nimemaliza, yote tisa nakurudishia na basi la kesho. Kidonda kilifunga, kikafunguka tena upande mmoja. Mkunga anakuja kukisafisha kila siku mbili, na binti analia kabla hajaguswa. Mkwe wetu ni mtu mwema lakini akiingia jikoni ni hasara. Jana kachemsha maji yakaungua, na sijui mtu anaunguzaje maji. Kwa hiyo mtoto ni wangu, mama mtu ni wangu, na jiko langu. Mtoto nimempa jina la Mgeni mpaka wazazi wake waache kubishana.

Picha ya Mgeni umesema "mzuri". Neno moja! Mtu uliyewahi kunieleza kola kwa dakika ishirini.

Mashati ya karani nimeyatazama sana. Kazi safi, mkunjo hauonekani. Anaumwa nini huyo bwana? Na ana mke?

Mama Vifungo


Tarehe 3 Juni

Mama Vifungo,

Siri ya mteja ni ya mteja, lakini wewe ni mwenzangu wa kazi, kwa hiyo siyo kuitoa nje. Karani ana saratani ya tezi dume. Wanamchoma sindano kila miezi mitatu ya kuzima homoni za kiume. Saratani inanywea, na yeye ananywea nayo. Joto linamshika anakaa akiloa. Kifua kimevimba. Anasahau. Juzi alikaa kwenye kiti changu akiwa ameshika kitambaa, hakukumbuka alitaka kukifanyia nini.

Mke anaye, amesafiri. Hajamwambia. Anasema mke ana mzigo wake huko aliko, akijua ataacha kila kitu apande basi, na anayemuuguza atabaki na nani? Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili anaona haya.

Amepewa dawa ya kupunguza joto, imepunguza kidogo. Anatembea jioni kuzunguka uwanja wa mpira, mizunguko minne, amebeba marobota mawili ya vitambaa ili mikono isilegee. Watoto wanamuuliza anahamia wapi.

Kuhusu picha, mikono ilikuwa na kazi. Ni mtoto mzuri sana.

Fundi


Tarehe 11 Juni

Fundi,

Nimemuuliza mkunga habari za karani, bila kumtaja. Kanicheka. Kasema joto hilo ni lile lile lililonishika mimi miaka ile damu ilipokatika. Unakumbuka? Nilikuwa naamka nimeloa kama nimetoka kisimani, nikikugusa nakuchukia, ukinikimbia nakuchukia zaidi.  Mume wangu alichukua lile kadibodi la kukatia kola akakaa kunipepea, mkono ukichoka anabadilisha. Sikumshukuru. Mwambie karani habari hiyo, labda itamfaa.

Na mwambie kwamba mke akificha ugonjwa mume hulalamika miaka kumi. Mume akificha, mke naye ana mdomo.

Sindano asiache. Hilo mwambie kwa sauti.

Kidonda cha binti kinakauka upande mmoja, upande mwingine bado. Mgeni ameanza kucheka, au ni gesi, mkunga anasema gesi.

Mama Vifungo


Tarehe 20 Juni

Mama Vifungo,

Mashati manne tu wiki hii, kazi imepungua.

Nilimpa karani salamu zako. Alisikiliza. Ameamua kuacha. Tarehe 20 mwezi ujao hataenda kliniki. Anasema anajua maana yake, Sista alimweleza. Anasema mke wake aliolewa na mwanamume, na akirudi kutoka safari atakuta mtu mwingine kitandani, mwenye kifua cha mama na moyo wa ubao. Bora akute mtu wake wa zamani, hata kama ni kwa muda mfupi.

Usimwonee huruma. Yeye mwenyewe hajionei. Anasema angekuwa na huzuni angejua pa kuanzia, lakini huzuni hana. Anaamka, anakata, anashona, anafunga duka.

Hatuna haja ya kumzungumzia tena.

Fundi


Tarehe 27 Juni

Baba,

Sasa tuache mchezo.

Nilijua tangu shati la kwanza, kabla sijatia uzi kwenye sindano. Nililitandaza mezani kwa binti nikaona bega la kushoto limekatwa chini kwa nusu inchi. Nikalichukua la pili, nusu inchi. La tatu, nusu inchi. Mtu mmoja tu ninayemjua ana bega hilo, na ameinamia cherehani upande huo tangu hatujaoana. Mashati yako yote unayakata hivyo bila kufikiri. Ukamtunga karani mzima, ukampa ofisi, ukampa mke, halafu ukampa bega lako. Fundi gani wewe!

Nikakaa kitako. Nikasema nikungoje useme. Nikakuuliza ana mke, nikakukumbusha lile kadibodi, nikijua unasoma. Nilikuwa na hasira, Baba, bado ninayo. Januari mpaka leo! Nimekuwa nikimwambia mkunga mume wangu mzima, ana shida ya mkojo tu.

Sasa sikiliza. Kuja siwezi. Daktari wa hapa amesema wiki sita nyingine, na nikiondoka kidonda kile nani atakisafisha, mwunguza maji? Ulikuwa na haki kuhusu hilo, na ndilo linaloniumiza. Niko huku na mikono imejaa, wewe uko huko unapanga kufa polepole ili mimi nikute kifua bapa.

Nani alikuambia niliolewa na hicho? Niliolewa na mtu anayeimba nyimbo za kanisani akikosea maneno, anayekunja soksi zake kama hati za serikali. Ya chumbani tumeyala vya kutosha, na tukiyakosa nitalia siku mbili, siku ya tatu nitatafuta kitu kingine cha kukusumbua. Kaburi sitaweza kulisumbua. Naogopa. Nakuandikia wazi, naogopa sana.

Nataka kitu kimoja. Chukua futi ujipime. Kila kitu, kifua, kiuno, mabega yote mawili. Uandike kwa jina lako, siyo la karani. Daftari la vipimo lina ukurasa wako wa mwaka tuliooana, na hujawahi kuugusa. Nitumie.

Mkeo


Tarehe 8 Julai

Baba,

Basi limekuja mara mbili, mara mbili nimesimama kituoni nimembeba Mgeni, hakuna mzigo. Kondakta sasa ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Mkwe amekupigia, ukamwambia "mzima". Hilo neno lako moja nimelichoka.

Andika hata matusi.

Mkeo


Tarehe 11 Julai

Mama Vifungo,

Fundi. Kifua inchi 44, mwaka tuliooana kilikuwa 39. Kiuno 41, kilikuwa 33. Shingo 16. Mkono wa shati 24, huo haujabadilika. Bega la kulia 9. Bega la kushoto 9, limeshuka nusu inchi. Sikujua. Nimelipima mara mbili, nikatoa mashati yangu yote kabatini, na ni kweli, yote. Mkono wangu umekuwa ukilijua bila kuniambia.

Nilipiga picha ya pembeni kwenye kioo cha wateja nikitaka kukutumia, nikaifuta. Vipimo vinatosha kwa leo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Najua ni barua ya kumliza mtu. Sikulia. Nataka ulijue hilo kabla ya yote, usije ukadhani nimekaa hapa nimeguswa. Niliisoma, nikaikunja, nikatia mafuta cherehani. Ndiyo sababu sikukuandikia. Nilikuwa nangoja nihisi kitu ili nikujibu nacho, nikaona siku zinakwenda na hakiji.

Picha ya Mgeni niliisingizia mikono. Ukweli niliitazama nikaona mtoto. Sikuona mjukuu. Nimejifungia dukani nikalitamka jina lake kwa sauti mara kadhaa, nikasikia sauti yangu tu. Hilo ndilo linalonitisha, kama kutisha ndilo neno lake. Kufa hakunitishi.

Tarehe 20 sijaamua. Sitakudanganya tena, kwa hiyo siwezi kukuambia nitakwenda.

Fundi


Tarehe 15 Julai

Baba,

Nimefurahi kwa vipimo. Niliwasomea Mgeni, akacheua.

Kwenye kifurushi hiki kuna shati. Nimelikata mwenyewe, kwenye meza ya kulia ya binti, kwa mkasi wa jikoni, kwa vipimo vyako vya kweli. Miaka thelathini na nne nimekuona ukikata, nikadhani ni rahisi. Mkono wa kulia umetoka mrefu, kola imenishinda mara mbili, na mkunjo wa ubavuni nimeuweka palipo wazi, kwa sababu sijui kuuficha. Bega la kushoto nimelishusha.

Matundu sikuyatia. Nimefanya kazi yako, nawe fanya yangu. Ni saba. Uzi umo kwenye mfuko, rangi nimechagua mimi. Anza na la chini, ukikosea huko litafichwa na suruali.

Kuhusu kuhisi, nimefikiri sana. Mimi sikuombi uhisi. Usingoje ulie ndipo uende kliniki, wala usingoje umpende Mgeni. Hisia nitakuwa nazo mimi kwa sasa, za wawili, ninazo nyingi mno hata mkwe ananikimbia. Wewe nenda tu. Nenda na ubao wako huo huo, ukaupeleke kwa Sista, umwambie na daktari ulichoniambia mimi.

Binti anakusalimu. Nimemweleza. Akauliza ni nani anayekupepea.

Mkeo


Tarehe 20 Julai

Mama Vifungo,

Shati lilifika tarehe 17. Niliyatia matundu kwa siku mbili na nusu, duka nikiwa nimefunga. Yote saba ni mabaya. La nne nilirudia mara tatu, la sita nililikata dogo kuliko kifungo. Sijui umekuwa ukifanyaje mashati tisa kwa wiki huku umembeba mtoto. Nilikuwa nadhani ni kazi ndogo, ndiyo maana nilikupa.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa getini. Sikuamka nimeamua. Nilioga, nikalivaa kwa sababu lilikuwa tayari, na nilipokwisha kulivaa sikuwa na pengine pa kwenda nalo. Mkono wa kulia nimeukunja. Mlinzi aliuliza nani kanishonea, nikamwambia mke wangu, akasema anaona.

Sindano wanachoma tumboni, kwa hiyo Sista aliniambia nifungue vifungo vya chini. Tundu la sita liligoma. Nilivuta, akavuta, likagoma. Foleni nje inasubiri, na sisi wawili tumeinamia kifungo. Akaniuliza kama hili shati lina hadithi. Nikamwambia anaweza sasa kutuma karatasi nyumbani, mke wangu anajua. Akaacha kuvuta kidogo, kisha akaendelea, likafunguka.

Nikachomwa. Kipimo cha damu kiko chini kabisa. Daktari nimemweleza habari za ubao, kwa maneno yale yale niliyokuandikia wewe, maana mengine sikuwa nayo. Ameniandikia kuonana na mtu wa kuzungumza naye, Alhamisi.

Usingoje nikuambie nilifurahi. Nilirudi kwa miguu, nikaketi, na yote yalikuwa kama jana. Joto lilinishika saa saba. Nilichukua kadibodi la kola nikajipepea, mkono ukachoka, nikabadilisha.

Ya nne ni tarehe 20 Oktoba. Nimeiandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa wangu, chini ya kiuno. Picha ya Mgeni nimeitoa chini ya mkasi, nimeibandika hapo hapo.

Ukirudi utacheka matundu, nakuruhusu. Lakini shati sikulivua mpaka sasa ninapoandika. Bega la kushoto limekaa sawasawa.

Mumeo,
Fundi